UZI: Tabaka la mtu utalijua kwa kuangalia nani anasubirishwa na nani anasamehewa

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Mjadala wa matabaka ukianza, hata dakika mbili haziishi tumeshafika kwenye pesa: nani anazo, nani hana, kazipata wapi. Pesa nitazigusa, haziepukiki. Ila leo naomba tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia kwa macho. Watu wawili wanaingia ofisi moja, shida yao ni moja. Mmoja kavaa vizuri, anaongea kwa kujiamini, anamjua mtu wa ndani. Mwingine kashika bahasha yake kwa mikono miwili, viatu vina vumbi. Wa kwanza anapewa kiti na kuulizwa "nikusaidie nini?" Wa pili anaambiwa "kaa pale, utaitwa", na jina lake halisikiki mpaka ofisi inakaribia kufungwa. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna kanuni iliyobandikwa ukutani inayosema huyu apite na yule akae. Na kila aliyekuwepo, hata huyo aliyeambiwa akae, anaona ni kawaida.

Nikisema utabaka, nazungumzia hiyo "kawaida". Umaskini ni kukosa mahitaji. Ukosefu wa usawa ni pengo kati ya aliye nacho na asiye nacho. Utabaka ni ile imani inayokuja kulihalalisha pengo: kwamba aliye chini yuko chini kwa sababu ndivyo alivyo, kwa hiyo muda wake hauna gharama, neno lake si la kutegemewa, na akikosea hana wa kumlaumu. Pengo bila imani hiyo lisingedumu hata kizazi kimoja, maana watu wangelikataa.

Sasa ukubwa wa pengo lenyewe. Ripoti ya Dunia ya Ukosefu wa Usawa ya mwaka 2022 inaonyesha kwamba asilimia 10 ya watu wazima matajiri zaidi duniani wanamiliki takriban asilimia 76 ya mali yote. Nusu nzima ya chini wana asilimia 2. Kwenye kipato hali ni afadhali kidogo: asilimia 52 kwa wale wa juu, asilimia 8.5 kwa nusu ya chini. Naomba mtofautishe mali na kipato, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Kipato kinakulisha mwezi huu. Mali ndiyo inayokuruhusu kukosea. Mwenye mali akifukuzwa kazi anakaa nyumbani akitafuta nyingine inayomfaa. Asiye na mali anakubali ya kwanza itakayojitokeza, hata kama mwajiri anajulikana kwa ubaya, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Baada ya miaka kumi tunawatazama wawili hao na kusema mmoja alikuwa na malengo na mwingine alikuwa anatangatanga.

Hebu tukae kidogo kwenye hili la kukosea. Vijana wawili wamekamatwa kwa kosa moja dogo. Wote wamepewa dhamana ya kiasi kilekile, na mbele ya karatasi wako sawa kabisa. Mmoja analala kwao usiku huohuo. Mwingine anakaa mahabusu kwa wiki kadhaa, anapoteza kibarua, mwenye nyumba anatoa vitu vyake nje, na siku ya kusikilizwa anafika amekonda, nguo hizohizo, yupo tayari kukiri chochote ilimradi atoke. Hapo hakimu hajapendelea mtu.

Kuna mahali sheria yenyewe iliandikwa hivyo. Marekani mwaka 1986 walitunga sheria ya dawa za kulevya ambapo gramu 5 za kokeini ya vipande, ile iliyouzwa kwa bei ndogo kwenye mitaa ya maskini, zilimpa mtu kifungo kisichopungua miaka mitano. Kwa kokeini ya unga, iliyokuwa ya wenye uwezo zaidi, ilibidi akutwe na gramu 500 ndipo apate kifungo hichohicho. Mara 100, kwa dawa ileile! Walioumia zaidi walikuwa Wamarekani weusi, maana rangi na tabaka mara nyingi hutembea pamoja. Mwaka 2010 uwiano ulishushwa ukawa 18 kwa 1. Yaani hata baada ya kurekebisha, haukuwa sawa.

Na la kusubiri vilevile. Mwajiri akichelewesha mshahara, mara nyingi halipi chochote cha ziada. Mfanyakazi huyohuyo akichelewesha kodi ya nyumba kwa sababu ya mshahara uliochelewa, anapigwa faini. Anakopa kuziba pengo, na mkopo una riba. Ucheleweshaji wa mtu wa juu umelipiwa na mtu wa chini, na kwenye hesabu za kampuni hauonekani popote.

Mwisho kwa leo, mwili. Mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya za wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali jijini London. Michael Marmot ndiye aliyekuja kuutangaza utafiti huo duniani. Hawa hawakuwa mafukara. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, wote walikuwa na haki ya matibabu ya umma. Lakini wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinda milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakubwa wa juu. Sigara, shinikizo la damu na mengine yanayojulikana yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Na haikuwa mafukara dhidi ya matajiri: ilikuwa ngazi, kila uliposhuka hatua moja hatari iliongezeka. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuwajumuisha wanawake, ukaonyesha kwamba kukosa sauti juu ya kazi yako mwenyewe kunaambatana na maradhi ya moyo.

Mtu anayeamriwa siku nzima, bila kuulizwa maoni, moyo wake unaandika. Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, umegusa penyewe. Nakazia tu kwamba hata methali tunazirithi zikiwa na upande. "Maskini akipata, matako hulia mbwata." Tunaicheka tangu utotoni. Inamwambia mtu kwamba akivaa kiatu kipya tu, watu wana ruhusa ya kumzomea. Aliyerithi nyumba tatu akinunua ya nne, anaitwa mwenye maendeleo. Dharau hiyo huwa inatoka kwetu sisi tulio karibu naye zaidi, wala siyo kwa tajiri ambaye hata hamjui.

#3

Mleta mada, nakuheshimu kwa kuandika kwa utulivu, lakini nitakupinga. Mimi nimezaliwa chini kabisa. Sikubebwa na mtu. Nililala mapema, niliamka mapema, niliacha pombe, nilisoma usiku. Leo nina biashara na nimeajiri watu. Katika hao niliowaajiri, wapo niliowapa nafasi sawa na bado wanakopa mshahara kabla ya tarehe na kuutumia siku mbili. Nikisoma maandishi kama haya naona tunawapa watu sababu ya kukaa. Kila kitu kikiwa kosa la mfumo, mtu atajituma kwa lipi? Na hilo la ofisini, ni kweli linatokea, lakini mtu akijipanga, akavaa vizuri, akajieleza, anahudumiwa.

#4 Mleta mada

Kaka, juhudi zako sizipunguzi hata chembe. Kutoka ulikotoka bila kubebwa ni kazi kubwa na unastahili kuheshimiwa kwayo. Ninachokataa ni kuzitumia juhudi zako kama kipimo cha kumhukumu mwingine.

Kwanza, hesabu. Mwaka 2018 shirika la OECD, linalokusanya nchi nyingi zilizoendelea, lilikadiria vizazi vinavyohitajika ili ukoo ulio katika asilimia 10 ya chini ufikie kipato cha wastani. Denmark ni vizazi 2. Marekani na Uingereza ni 5. Ujerumani na Ufaransa ni 6. Afrika Kusini na Brazil ni 9, Kolombia 11. Sasa tujiulize: Wadenmark wanaamka mapema mara tano kuliko Wakolombia? Bidii ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuwa imegawanywa kwa mipaka ya nchi namna hiyo. Kinachotofautiana ni shule, matibabu, ulinzi wa kazi, na kama kuanguka mara moja kunakumaliza au la.

Pili, la kukopa mshahara. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir wakiwa miongoni mwa waandishi wake. Walikwenda India kwa wakulima wa miwa, ambao hupata pesa zao kwa mkupuo baada ya mavuno na hubanwa kabla yake. Wakawapima watu walewale, kabla na baada. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri na kuwa makini. Baada ya mavuno, wakulima haohao walifanya vizuri zaidi. Akili hazikuongezeka shambani. Kilichopungua ni ule mzigo wa kuwaza kutwa nzima utalipa nini na utaacha nini. Kwa hiyo unapomwona mfanyakazi wako "hana mpango", kuna uwezekano unayatazama matokeo ya ubanaji ukadhani ni tabia yake.

Na tatu, hili la "akivaa vizuri anahudumiwa". Kaka, hapo umenithibitishia. Huduma ni haki ya mwenye shida. Kwa nini shati liwe ndiyo kitambulisho?

#5

Naomba niongee kama mtu niliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi. Mleta mada umeandika kuhusu ofisi, mimi nitaandika kuhusu sebule.

Nilikoanzia nilikuwa na kikombe changu. Hakuna aliyeniambia nisitumie vingine. Kiliwekwa peke yake, pembeni ya sinki, cha plastiki, na mtoto mdogo wa nyumba ile alijua kuwa ni changu kabla hajajua kuhesabu. Siku moja alitaka kunywea, mama yake akamnyang'anya haraka kama vile kina sumu. Mtoto akanitazama, akamtazama mama yake. Niliona anavyojifunza. Hilo somo hajafundishwa darasani na hatalisahau.

Na hiyo kusubirishwa, ndugu zangu, sisi ndiyo maisha yetu. Huwezi kulala mpaka wageni waondoke, kwa sababu vyombo vinakungoja. Huna saa ya kuanza wala ya kumaliza. Ukiomba siku ya kupumzika unaambiwa "wewe ni kama mwanafamilia". Mwanafamilia gani anayeomba ruhusa kwenda kumwona mama yake anayeumwa, halafu anakatwa pesa?

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011. Yaani mpaka mwaka huo dunia haikuwa na mkataba wa kimataifa uliotungwa mahususi kwa ajili yetu, unaotaja saa za kazi na siku ya mapumziko kwa wiki. Shirika hilohilo linakadiria tuko zaidi ya milioni 75, wengi wetu wanawake, na wengi zaidi hatuna hata karatasi ya kuonyesha kwamba tumeajiriwa. Nchi nyingi bado hazijauridhia. Nasema haya kwa sababu nimechoka kuambiwa tatizo letu ni elimu. Nimesoma baadaye, namshukuru Mungu. Kazi ile haikuhitaji niwe na elimu zaidi ili nistahili kulala kwa muda wa saa nane.

#6

Dada wa hapo juu, pole na asante. Hilo la mtoto na kikombe limenikaa.

Mimi ni mwalimu. Nataka niongeze jinsi watoto wanavyofika shuleni wakiwa tayari wamepangwa. Annette Lareau, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahi kukaa na familia za matabaka tofauti akiangalia wanavyoishi siku hadi siku. Aliona mzazi mwenye nafasi, akimpeleka mtoto kwa daktari, anamwambia njiani aandae maswali yake. Mtoto anafika anamuuliza daktari, anamkatiza, anamsahihisha. Watoto wa vibarua na maskini walijifunza kunyamaza mbele ya wakubwa wenye vyeo, wazazi wao wenyewe wakiwa na woga wa ofisi hizo. Lareau hakusema malezi ya maskini ni mabaya. Aliona hata kwamba watoto hao walikuwa na ukaribu zaidi na ndugu zao na walijichezea kwa uhuru. Ila shule, hospitali na ofisi zinamtuza yule anayeuliza.

Darasani naliona kila siku. Mtoto mmoja akipata alama ndogo, mzazi anakuja kesho yake asubuhi, anakaa, anataka kuona karatasi. Mwingine mzazi wake hafiki, na walimu tunasema hajali. Ukimfuatilia unakuta analipwa kwa siku. Siku asiyofanya kazi hana kitu. Aje kuuliza alama kwa nauli ipi? Pierre Bourdieu, Mfaransa aliyekuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta kijijini, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba shule huchukua namna ya kuongea, kukaa na kupenda vitu ya tabaka la juu, kisha huiita kipaji. Nimefundisha muda mrefu wa kutosha kusema kwamba ni kweli.

#7

Kuna aliyeuliza pembeni kama tabaka linaweza kuamua nani anakufa. Jibu la haraka: Titanic, Aprili 1912. Daraja la kwanza walinusurika zaidi ya asilimia 60. Daraja la tatu, takriban asilimia 25. Bahari ileile, usiku uleule. Hata kwenye "wanawake na watoto kwanza", wanawake wa daraja la kwanza waliokoka karibu wote na wa daraja la tatu kama nusu yao. Boti za kuokolea zilikuwa juu, vyumba vya daraja la tatu vilikuwa chini. Hivyo tu.

#8

Tumeelewa ugonjwa. Mleta mada, dawa je? Tusiishie kulalamika.

#9 Mleta mada

Swali la haki. Nitajibu kwa yale ambayo yamejaribiwa kweli, maana ahadi za majukwaani tumezisikia za kutosha.

Sheria kwanza. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 2, linakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, na pia asili ya kijamii, mali na kuzaliwa. Lipo pale. Lakini nchi zilipotunga sheria zao za ndani, rangi na jinsia ziliingia, mali na asili mara nyingi zikaachwa. Uingereza waliandika kwenye Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 kwamba vyombo vya umma vizingatie pengo la kiuchumi katika maamuzi yao makubwa. Kifungu hicho kikaachwa kilale. Uskoti ndiyo ikakiamsha mwaka 2018, Wales mwaka 2021. Kwa hiyo popote mlipo, angalieni kama sheria ya ubaguzi inalitaja jambo hili. Kama hailitaji, hilo ni dai mahususi la kumpelekea mbunge.

Mambo madogo yana nguvu pia, na hapa namrudia dada wa kikombe. Brazil majengo mengi ya ghorofa yana lifti mbili, ya wakazi na ya huduma, na wafanyakazi wa ndani walikuwa wakielekezwa kwenye ile ya huduma. Jiji la São Paulo likapitisha sheria mwaka 1996 inayokataza kumbagua mtu kwenye lifti. Sheria haikumpa yeyote pesa. Iliondoa fundisho ambalo mtoto wa jengo lile alikuwa akilipokea kila asubuhi. Mazoea hayakufa siku hiyo, lakini anayekataa kuelekezwa kwenye lifti ya pili sasa ana pa kusimamia.

Kuhusu makosa, Finland tangu mwaka 1921 wana faini zinazopimwa kwa kipato. Kosa moja, siku ngapi za kipato chako. Wapo matajiri waliotozwa zaidi ya euro 100,000 kwa mwendokasi. Watu wa nje hushangaa. Mimi naona faini ya kiasi kimoja kwa wote ndiyo ya kushangaza, kwa sababu kwa mmoja ni adhabu na kwa mwingine ni ada ya kupita.

Na wewe kaka wa #3, kwa kuwa una wafanyakazi, unaweza zaidi ya sisi wengine tunaoandika. Lipa tarehe ileile kila mwezi. Ukichelewa, ongeza kitu juu yake kama benki inavyokufanyia wewe. Na mlinzi wako wa getini muulize kazi yake iboreshwe vipi, kisha fanya angalau jambo moja alilosema.

#10

Ni mimi wa #3. Sijabadilika kwenye suala la nidhamu, bado naamini mtu asiyejituma hasaidiki. Ila hilo la kuchelewesha mishahara sikuwahi kulitazama kwa upande wa nani anayelilipia, na nitalifanyia kazi. Nikuulize sasa kwa nia njema: faini za kipato utazipimaje mahali ambapo wengi kipato chao hakijaandikwa popote? Mwenye maduka matano anatangaza faida ya kinyozi.

#11 Mleta mada

Pingamizi zito hilo, na ni kweli. Finland polisi wanaweza kuangalia kipato kwenye rekodi za kodi. Penye rekodi mbovu, mfumo huo utamkamata mwalimu na muuguzi ambao mishahara yao inaonekana, na kumwacha mwenye maduka. Hivyo nisingeanzia kwenye faini. Ningeanzia kwenye dhamana: makosa madogo mtu aachiwe kwa kujidhamini mwenyewe au kwa mdhamini anayefahamika, bila kuweka pesa. Hapo huhitaji kujua kipato cha mtu hata kidogo. Mwenye uzoefu wa mahakamani atueleze inavyokwenda kwa vitendo, hasa pale mshtakiwa asipokuwa na ndugu wa kumdhamini.